Herufi za Inchi Moja

Ijumaa, 1 Januari 2016

Daftari hili nimepewa na binti yangu Krismasi. Kwenye jalada ameandika: "Baba, andika humu, usinipigie simu kila kitu." Basi naandika.

Leo sheria mpya ya Texas imeanza kazi. Mwenye leseni sasa anaruhusiwa kubeba bastola yake wazi kiunoni, kila mtu aione. Kwa zaidi ya miaka mia moja tuliweza kutembea mjini na bunduki ndefu begani bila kuulizwa, lakini bastola ilibidi ifichwe. Anayetaka kujua kwa nini akawaulize wakubwa wa serikali ya jimbo kule Austin. Mimi ni mchoraji wa mabango tu, na hata huo uchoraji nilijifundisha mwenyewe.

Mtu wa kwanza kuivaa sheria hapa kwetu ni Durwood Raschke. Bi Ottilie Zapalac hafungi duka lake la mikate hata Mwaka Mpya, na sisi wanne tulikuwa tumekubaliana kucheza dhumna saa tatu asubuhi kama kawaida. Durwood akaingia na kofia mpya, mkanda mpya, na ala ya ngozi inayolia kama tandiko la farasi. Bastola yenyewe kubwa, imeivuta suruali upande mmoja.

"Umekuja vitani, Durwood?" akauliza Elroy Mikulenka, mfuga ng'ombe, ambaye ndiye mwenzangu mezani.

"Nimekuja na haki yangu."

"Haki yako inagonga kiti. Kaa vizuri tucheze."

Tuliwafunga, yeye na Shemasi Alfons, michezo saba kwa mitatu. Mwaka umeanza vyema.

Jumanne, 5 Januari

Manyunyu. Nimechora bango la "Mayai" kwa mtu asiye na kuku. Sikuuliza.

Jumatatu, 11 Januari

Mezani hakuna mchezo tena, ni bunge. Mchezo wetu wa dhumna, unaoitwa Arobaini na Mbili, unataka watu wanne wanaonyamaza, na leo hakunyamaza hata mmoja.

"Jambazi akiiona kiunoni mwangu anageuza gari," akasema Durwood. "Akiwa haioni, anaingia. Ipi bora?"

"Akiiona kiunoni mwako anakupiga wewe kwanza," akasema Elroy. "Halafu sisi tunabaki na nafasi ya kufikiri. Endelea kuivaa, bwana, unatusaidia."

"Arizona hawaulizi hata leseni, na watu wanaishi."

"Na New Jersey huwezi kubeba hata ukipiga magoti. Nao wanaishi. Weka jiwe lako chini, zamu yako."

Shemasi akasema kwamba kwake suala ni adabu. Mtu haendi kwa jirani na vitu vyote nje. Durwood akamgeukia. "Shemasi, anayeficha ndiye mwenye jambo. Mimi ukiniona umeniona wote."

Nilicheka na wenzangu. Sikusema kitu. Hapa niandike, kwa kuwa binti yangu hatalisoma daftari hili: ndani ya buti langu la kulia kuna bastola ndogo tangu mwaka 1996, mwaka leseni zilipoanza. Haijatoka humo ila kwa kusafishwa. Siku nyingine nasahau kama ipo mpaka nipande ngazi.

Jumanne, 19 Januari

Yadira Cantú ameangusha sinia.

Yadira ndiye anayeoka. Miaka miwili iliyopita alikuja kuomba kazi ya kuosha vyombo. Bi Ottilie akamwonyesha jinsi ya kukanda unga wa kolachi, yale maandazi yetu ya Kicheki yenye tunda katikati, na baada ya mwezi mzima Bi Ottilie mwenyewe akasema mkono wa yule binti ni kama wa marehemu mama aliyemzaa yeye Bi Ottilie. Katika mji huu, hakuna sifa inayozidi hiyo.

Leo alitoka jikoni na vikombe sita, Durwood akasimama ghafla kumpisha njia, na vikombe vyote vikaenda chini. Durwood akainama kumsaidia kuokota. Ndipo mambo yakaharibika zaidi, kwa sababu alipoinama ile bastola ikawa usoni pa Yadira. Yadira akaviacha vikombe chini, akarudi jikoni.

Bi Ottilie alinieleza baadaye, akiwa amesimama kati yangu na mlango ili nisikimbie kabla hajamaliza. Zamani Yadira alikuwa anauza katika duka la barabara kuu, mbali na hapa. Mtu mmoja alikuja, akainua shati kidogo tu, akaonyesha kitu kiunoni. Hakusema neno. Halafu akampiga risasi mwenzake Yadira aliyekuwa kwenye mashine ya fedha. Yule mwenzake hakupona.

"Mtu anayebeba sinia anaona viuno kabla ya nyuso," akasema Bi Ottilie. "Ulishawahi kufikiri hilo, Leland?"

Sikuwahi.

Alhamisi, 21 Januari

Nimepata kazi! Bi Ottilie anataka bango. Sheria yenyewe imetoa njia: mwenye duka akitaka kukataza bastola za wazi anaweka bango la kifungu cha 30.07, tunaliita Saba. Akitaka kukataza zilizofichwa anaweka la 30.06, ndilo Sita. Yeye anataka Saba peke yake.

"Si umwambie tu Durwood?" nikasema. "Sheria inakubali hata kwa mdomo."

"Leland Sulak, yule mtu nilimwokea keki ya harusi. Zote mbili. Unadhani nitamtazama usoni nimwambie atoke?"

Huo ndio ugonjwa wa mji wetu. Tutamlisha mtu, tutamzika, tutamchorea bango la futi nne, lakini kumwambia jambo usoni hatuwezi.

Jumatano, 3 Februari

Nimelitundika. Ni kazi bora kuliko zote nilizofanya katika miaka arobaini. Herufi za mkono, zenye mikia, rangi ya krimu juu ya rangi ya asali, kuoana na ukuta wa Bi Ottilie. Nilivuka barabara mara tatu kwenda kulitazama kwa mbali.

Alhamisi, 4 Februari

Durwood alifika na rula.

Alisimama mlangoni akapima herufi moja baada ya nyingine, midomo ikichezacheza. Halafu akaingia na bastola yake kiunoni, akaketi.

"Leland, bango zuri sana," akasema. "Ningeweza kulitundika sebuleni. Lakini sheria inasema herufi za kuchapa, urefu usipungue inchi moja, rangi zinazopingana, Kiingereza na Kihispania. Hii 'a' yako ni robo tatu ya inchi. Kihispania sikioni. Na hiyo rangi, jua likiipiga, ni ukuta mtupu. Hilo si bango, ni pambo."

Elroy alicheka mpaka akashika meza. Nimechora mabango ya mji huu mzima, na nimeshindwa na muuza nyaya za uzio aliyestaafu.

Ijumaa, 5 Februari

Upepo. Sikutoka.

Ijumaa, 12 Februari

Bango jipya. Nyeusi juu ya nyeupe, herufi nene kama matofali, lugha mbili. Yadira alinisomea Kihispania mstari kwa mstari. Baya kama mlango wa jela, na halali kabisa.

Durwood akapima. Akaguna. Akazunguka nyuma ya jengo na kuingia kwa mlango wa jikoni.

"Kila mlango!" tulimsikia akipaza sauti huko ndani. "Sheria inasema kila mlango uwe na..."

Akatoka polepole, kofia mkononi. Yadira alikuwa kwenye tanuri alipogeuka na kukuta kiuno kile hatua mbili mbele yake. Alikuwa amekimbilia uani, amekaa juu ya kreti la maziwa, hatazami mtu.

"Sikujua," akasema Durwood. "Hakuna aliyeniambia. Nilidhani tunafanya mchezo wa sheria."

Bi Ottilie, kwa mara ya kwanza, alimwambia kitu usoni. "Basi sasa unajua."

Akawa mwekundu mpaka shingoni. Lakini Durwood ni Durwood. Alipofika mlangoni aligeuka. "Sawa. Mimi ninayeonyesha natoka. Na hawa wanaoficha? Bango lako halisemi kitu juu yao. Mmeshawahi kuwauliza?" Akatutazama sisi watatu, mmoja mmoja.

Niliyatazama mawe yangu ya dhumna kama mtu anayesoma barua ya benki. Mzee mzima nimekaa pale na jibu ndani ya buti.

Jumatatu, 29 Februari

Durwood haji tena. Anakula biskuti kwenye kituo cha mafuta, na kila mtu amehakikisha nimejua. Arobaini na mbili haichezwi na watu watatu. Tunakaa tunatazamana.

Jumamosi, 12 Machi

Yadira ametoa taarifa. Mwisho wa Aprili anakwenda San Antonio kwa binamu yake, kufanya kazi ya ofisi, kwenye jengo lenye mashine ya kukagua watu mlangoni.

Bi Ottilie alinyoosha vidole vyake juu ya meza nivione. Vimepinda kama mizizi. "Siwezi kukanda tena, Leland. Akiondoka nafunga. Sina hasira naye. Ningekuwa yeye ningekuwa nimeshaondoka."

Jumapili, 27 Machi, Pasaka

Kolachi za mbegu za mipopi. Nilikula tano, nikihesabu zimebaki Jumapili ngapi.

Jumanne, 5 Aprili

Nilimkuta Durwood kwenye duka la vyakula vya mifugo. Nilitaka kumchukia lakini akaniuliza, "Yule binti, mikono yake imetulia?" Nikasema hapana, anaondoka. Akasimama na gunia la mahindi begani muda mrefu bila kukumbuka kulishusha.

Jumamosi, 16 Aprili

Niandike kabla sijalala mchana huu, maana nikiamka nitadhani niliota.

Leo parokia ilikuwa inauza soseji uwanjani, mkabala na duka la Bi Ottilie. Saa nne anga likawa kijani kama maji ya kinamasi. Shemasi akatazama juu, akasema, "Jamani," na mvua ya mawe ikaanza. Mawe kama mayai ya kuku. Vioo vya pikapu vikapasuka. Watu wote wakakimbilia mlango mmoja, wa Bi Ottilie, na sekunde chache baadaye tulikuwa watu thelathini na kitu tumebanana kati ya kabati la mikate na meza za dhumna. Durwood alikuwemo, damu ikimtoka sikioni. Bastola yake kiunoni.

Yadira alikuwa nyuma ya kaunta. Nilimwona akitazama viuno. Alishika ukingo wa kaunta kwa mikono yote miwili. Nikasema moyoni, leo ndiyo siku, hatangoja mwisho wa mwezi.

Akapanda juu ya kreti.

"Nisikilizeni!" Mawe yalikuwa yanapiga bati, hakuna aliyesikia. Akachukua sufuria akaligonga kwa mwiko. "NISIKILIZENI! Naitwa Yadira Cantú. Wengi wenu mnaniita 'binti, lete kahawa.' Leo mtanisikiliza."

Akamgeukia Bi Ottilie. Bi Ottilie akasema, kwa sauti ya kusikika na wote, "Sema, mwanangu. Hapa ni kwako kama kwangu."

"Nimesoma sheria yenu," akasema Yadira. "Nimeisoma kwa lugha zote mbili. Inasema bango, au mdomo. Mabango tumechoka nayo. Huu ndio mdomo. Mwenye bastola humu ndani, ya wazi au ya kificho, aitoe risasi aiweke ndani ya sanduku la unga. Lina kufuli, ufunguo nakaa nao mimi. Asiyetaka, mlango ule pale, akaongee na mawe."

Nilisubiri kelele. Nilijua nani atazianza.

Durwood akapenya katikati ya watu. Alifika kaunta, akatoa risasi, akafungua bastola aone ndani ni tupu, akaionyesha pande zote kama padri anayeinua kikombe, akaiweka sandukuni.

"Mwenye mlango amesema," akasema. "Mimi naamini haki ya mwenye mlango kuliko haki yoyote. Nimetoa yangu, kila mtu alijua ninayo." Akageuka, akakunja mikono kifuani. "Haya sasa, waungwana. Wapenda adabu."

"Moja," akasema Yadira.

Fundi bomba mmoja wa kijiji cha pili akatoa yake, nayo ya wazi. Mbili. Halafu Bi Hattie Vrana, miaka themanini na minne, akafungua mkoba, akatoa nyuzi za sufu, sindano mbili za kufumia, soksi nusu, na bastola yenye mpini wa lulu.

"Mama!" akasema mwanawe.

"Usiniite mama. Toa yako."

Akatoa. Nne. Baada ya hapo ilikuwa kama watu wanaopanga foleni ya komunyo. Elroy mbili, moja kila upande, mtu aliyenicheka mimi kwa mikia ya herufi! Shemasi Alfons akafunua fulana yake, uso kama nyanya.

"Hata wewe, Shemasi?" akauliza Durwood, kwa raha ambayo sijawahi kuiona kwa binadamu.

"Barabara ya kwangu ina giza," akasema Shemasi kwa sauti ndogo.

"Saba," akasema Yadira. "Nane. Tisa. Kumi." Sauti yake ilikuwa inapanda kila namba. Watu wakaanza kucheka, si kumcheka yeye, wanajicheka. Thelathini na kitu tumekaa miezi minne tukigombania bastola moja tunayoiona, na tulikuwa tumekalia tisa tusizoziona.

Nami nikainama kuvua buti. Halikuvulika. Mvua imelilowesha, mguu umevimba, na ilibidi Elroy alivute mbele ya watu wote nikiwa nimekalia sakafu. Bastola ikatoka na soksi.

Yadira hakucheka. "Miaka miwili, Mzee Leland. Kila asubuhi nakuinamia nakumiminia kahawa. Nilikuwa nachagua meza yako nikitaka kupumzisha moyo."

"Ndiyo."

"Durwood alipouliza, ungesema."

"Ningesema. Niliogopa utaacha kuniinamia."

Alinitazama muda ambao siwezi kuupima kwa rula ya mtu yeyote. "Kumi na moja," akasema, akafunga kufuli, akaweka ufunguo ndani ya aproni yake.

Na hapo ndipo mkate wa kwanza uliponunuliwa. Mvua ya mawe ilidumu dakika ishirini, lakini hakuna aliyetoka kwa saa nzima. Walikula kila kitu kilichokuwa kabatini, mpaka makombo ya juzi. Walipoondoka, Yadira aliwarudishia bastola zao nje, barabarani, mmoja mmoja, na kila mtu ilibidi aseme "asante, Bi Yadira" kabla hajapewa. Sheria haisemi hivyo. Yeye ndiye aliyesema.

Jumatatu, 18 Aprili

Anabaki! Anabaki, anabaki.

Ana masharti, ameyaandika. Nusu ya duka iwe yake, na Bi Ottilie ametia sahihi kabla wino haujakauka. Sita na Saba, yote mawili, kwenye milango yote miwili. Mchoraji ni mimi, bure, na herufi zisiwe na mikia.

"Umenisamehe?" nikamuuliza.

"Ukimaliza mlango wa nyuma nitakwambia."

Durwood alikuja saa tatu, suruali imekaa sawa pande zote mbili. Bastola ipo kwenye pikapu, imefungiwa. Akaketi, akachanganya dhumna. Mimi nilimdhania bure. Niliona mtu anayependa kutazamwa, kumbe ni mtu asiyeweza kuvumilia jambo lisilo wazi, liwe bastola, liwe sheria. Ni mchoshi bado. Nilimfunga michezo minne mfululizo na ilikuwa tamu.

Jumamosi, 30 Aprili

Walikuja wanaume sita kutoka kaunti nyingine, bastola viunoni, simu mkononi wakipiga picha, wamesikia kuna duka linalokataa haki zao. Yadira akatoka barazani. Kabla hajafungua mdomo Durwood akanyanyuka mezani, akaenda akasimama kando yake, si mbele yake. Nililiona hilo.

"Jirani," akamwambia mkubwa wao, "mimi nimebeba wazi tangu siku ya kwanza, na nabeba bado. Iko garini. Mlango huu una mwenyewe."

"Hilo bango halali?"

"Halali?" Durwood akacheka. "Nimepima herufi zote mwenyewe, mabango yote mawili ya mlango huu, kutwa nzima. Nitafutie moja yenye upungufu, nikununulie chakula cha mchana."

Walitafuta. Robo saa walisimama pale wakisoma kazi yangu, na nikakumbuka sijawahi kuwa na wasomaji makini namna hiyo. Mwishowe mkubwa akauliza kama kolachi za aprikoti zimebaki. Wakaenda kufungia bastola zao garini, wakarudi, wakanunua dazeni tatu. Mmoja akamwuliza Yadira kama anaajiri.

Alhamisi, 5 Mei

Nimemaliza mlango wa nyuma. Alisimama akalitazama bango kwa muda. "Nimekusamehe," akasema, "lakini 'R' imepinda." Imepinda kweli.

Jumatatu, 9 Mei

Bi Ottilie ameondoka jana kwenda Galveston kuona bahari. Miaka thelathini na moja hajawahi kuliacha duka hata siku mbili, na leo amelala hotelini, amempigia Yadira simu kusema tu kwamba amelala mpaka saa mbili.

Nilichelewa. Kulikuwa na kazi ya bango la kanisa, nikafika saa tano kasoro. Foleni ilikuwa imeshapita, watu wanatembea barabarani na masanduku meupe, Bi Hattie na mawili. Ndani Yadira alikuwa anafuta kaunta na kuimba, kwa sauti, na mfanyakazi mpya anafagia. Akaniona kupitia kioo cha dirisha. Akaja mpaka mlangoni, unga mpaka kwenye nyusi.

"Kolachi zimekwisha, Mzee Leland."

"Hata moja?"

"Hata harufu. Njoo kesho, na uje mapema kama watu wengine."

Akanifungia mlango usoni. Maishani mwangu sijawahi kufungiwa mlango nikafurahi kiasi kile.